Njia ya Farasi Wawili

Mume wangu, furaha ya macho yangu,

Hina ya harusi bado haijanitoka kwenye kucha, na tayari nimeshauchukia mkoba wako wa safari. Kila ukienda zamu ya kazi kule kambini jangwani, nyumba yetu hapa Ibra, Omani, inakuwa kubwa kuliko ilivyo. Naulalia mto wako. Chai nanywa kwa kikombe chako. Mama yako ananiona, anacheka: "Mwanangu, atarudi, hajaenda vitani!" Najua utarudi. Lakini mimi nimeolewa juzi tu, niacheni nione upweke kwa raha zangu.

Barua hii naiandika wazi, ili na wapandaji farasi wenzetu waisome, maana ina habari za njia yetu. Kwenye simu nilikuficha. Nilitaka kwanza nijue mwisho wake.

Unakumbuka wakati wa uchumba? Ulikuwa ukija na farasi wako Shahini, unapanda pamoja na kaka yangu, nyuma kabisa, na mimi na farasi wangu Lulu tuko mbele. Hukuruhusiwa kusogea. Sikugeuka hata mara moja, wallahi, lakini kwato za Shahini nilizijua miongoni mwa kwato zote. Akikanyaga changarawe za wadi, lile bonde la mto mkavu, moyo wangu unakanyaga naye.

Halafu ikaja milka, ndoa ikafungwa, ingawa sherehe yenyewe ilikuwa bado. Baba akakwambia, "Sasa mkeo huyo, nenda naye." Ukaja ubavuni kwangu. Pale nyuma ya mashamba ya mitende, njia inapopanuka kabla ya uwanda, ukaniwekea mkono begani kama wanavyofanya watu kwenye ardha, maonyesho ya farasi, farasi wawili wakikimbia bega kwa bega.

"Usiniangalie mimi," ukasema. "Angalia njia."

"Naangalia njia."

"Basi mbona Lulu anaingia kichakani?"

Nilicheka mpaka nikashika shingo ya farasi. Siku ile, mpenzi wangu, ndiyo niliyoolewa. Ukumbi na taa na keki vilikuja baadaye.

Na fungate yetu! Wenzetu wanakwenda Salala kutazama mvua, sisi tulikwenda na msumeno na magunia. Ulikata matawi ya migunga yaliyokuwa yakimpiga mpandaji usoni, mimi nikaokota makopo na vioo vya chupa ili farasi wasijikate miguu. Jioni mama yako akatutazama, mikono imejaa miiba, akasema, "Mimi nimezaa wazimu, na wazimu kajipatia mwenziwe." Sijapata kusifiwa vizuri kuliko vile.

Sasa sikiliza. Mara tu ulipoondoka, nilitoka na Lulu nikakuta njia imefungwa. Seng'enge kutoka ukuta hadi ukuta, pale inapopita kando ya shamba la Ami Khalfan. Nilikaa juu ya farasi nikalia. Nilikumbuka maneno yako, kwamba farasi asiye na pa kukimbia ni dhuluma kumfuga, na kwamba siku tukikosa njia, Shahini tutamuuza. Njia nyingine iliyobaki ni barabara ya lami, na malori yake. Shahini akiuzwa, tutabaki na nini cha siku ile?

Mama yako hakuniacha nilie. Alichukua kahawa na haluwa, tukaenda kwa Ami Khalfan.

"Shikamoo, Ami," nikasema.

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Njoo uone kwanza."

Akatupeleka kwenye falaji, ule mfereji unaonywesha mitende yake. Ukingo ulikuwa umebomoka, alama za matairi zimepita juu yake. Magari ya watu wanaokuja wikiendi kuchezea mchanga yalikuwa yakikatiza pale. Maji yalimwagikia wadini, na mitende ya mwisho ilikuwa imeanza kukauka. Hasira zangu zote zikaniisha. Ningekuwa mimi, ningefunga pia.

"Sina ugomvi na farasi," akasema Ami. "Nitakuachia upenyo wa farasi mmoja. Mtapita mmoja mbele, mmoja nyuma."

Labda ningekubali, mume wangu. Mtu mwenye busara angekubali. Lakini maneno yakaniponyoka: "Ami, miezi yote ya uchumba alikuwa nyuma yangu. Nimeolewa ili awe ubavuni!"

Mama yako akajifunika uso kwa mtandio. Ami akacheka mpaka akakohoa. "Haya, lakini panapopita farasi wawili, gari nalo linapita. Nifanyeje?"

"Khalfan," akasema mama yako, "we unazuia gari au unazuia mwali wangu? Farasi ana magoti. Gari lina goti?"

Kisha Ami akatazama magogo ya mitende yake iliyoangushwa na upepo, na mimi nikayatazama.

Kwanza tulitengeneza ukingo wa falaji, hilo nililitaka mwenyewe. Kaka akaja na wapandaji wengine, tukaliziba lile pengo kwa mawe na saruji. Baadaye tukaondoa seng'enge, tukalaza magogo mawili kukatisha njia, juu ya mawe, kimo cha goti la farasi. Farasi anainua mguu, anavuka. Gari linagota hapo hapo. Na upana ni ule ule wa zamani. Wapandaji wenzangu mnaosoma, nawaombeni: karibu na falaji tembezeni farasi taratibu, na mkiona kopo, shukeni muliokote. Ami ametuamini.

Ijumaa asubuhi nikaenda kujaribu. Lulu alivuka kama bibi harusi anayeinua gauni. Shahini nilikuwa nimemshika hatamu, anatembea kando yetu, tandiko lako mgongoni. Akasimama. Akanusa gogo, akapuliza pua, akageuza shingo nyuma kuitazama njia tuliyotoka. Alikuwa akikutafuta wewe, naapa. Nikamwambia, "Najua. Na mimi pia. Twende." Akainua mguu.

Mbele ya magogo njia ikapanuka, uwanda mzima uko wazi mbele yetu, na farasi wote wawili wakatega masikio. Mkono wangu ukaenda wenyewe mahali penye bega lako. Ukashika hewa.

Shahini hauzwi. Njia nimeiacha wazi kwa upana unaotutosha sote wawili, na upande wa kulia kwangu hakai mtu mwingine. Maliza zamu yako salama, uje ukae mahali pako.

Mkeo, anayeangalia njia.