Fomu Niliyomjazia Chiriku

Karakana ya Viti, chumba cha nyuma
Jumanne, tarehe 14 Mei

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Goti linaendeleaje? Uliandika kwamba ngazi za huko zinakutesa, na kwamba shemeji amekushushia kitanda chumba cha chini. Nimecheka peke yangu nikimfikiria shemeji akisukuma kitanda, yeye ambaye hata mwavuli humshinda kufungua. Wapwa zangu nao hawajambo? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo haitulii. Tangu asubuhi nimefunika kiti kimoja mara mbili, na mara zote mbili nimegeuza kitambaa ndani nje.

Habari ni ya Chiriku. Huu ni mwezi wake wa tano katika shule ya marekebisho, tangu alipompiga mwenzake kwa kufuli alilolitia ndani ya soksi. Binti wa fundi saa haoni tena kwa jicho la kulia, hilo nilikuandikia. Ambalo sikukuandikia ni kwamba mbele ya hakimu binti yangu alisimama mkavu kama ukuta. Hakulia, hakuomba radhi. Mlinzi mmoja wa pale akaninong'oneza, "Mzee, huyu wako kazaliwa bila roho." Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi uliopita alikuja daktari mmoja mtafiti, mama wa makamo, mpole. Anapiga picha za ubongo wa vijana walioko pale na za vijana walioko majumbani kwao, kisha analinganisha. Alinichorea kichwa nyuma ya bahasha. Ndani kabisa kuna sehemu ndogo kama lozi, inayohusika na woga na kuutambua woga wa mwenzio. Nyingine iko mbele, juu ya macho, inayomsaidia mtu kujizuia. Kwa baadhi ya vijana wenye moyo mgumu, wasiojali wala kujuta, watafiti wameona sehemu hizo ni ndogo kidogo.

Nikamwuliza, "Basi utaniambia kama ya wangu ni ndogo?"

"Hapana, baba," akasema. "Picha ya mtoto mmoja hainiambii kitu juu yake. Nahitaji watoto wengi ndipo nianze kuona chochote. Na hata nikiona, sitajua kama walizaliwa hivyo au maisha ndiyo yaliyowafinyanga."

Nikatia sahihi ya kumruhusu apigwe picha. Akanipa na fomu ya mzazi niende nayo.

Niliijaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Mistari ishirini na kitu, kila mmoja na visanduku vinne, kuanzia "sivyo kabisa" hadi "ndivyo kabisa". Haonyeshi watu hisia zake: ndivyo kabisa. Halii hata akiumia: ndivyo kabisa. Dada, nilikuwa natabasamu. Nilidhani namsifu. Niliijaza kama mtu anayejaza ripoti ya shule, nikimpa mwanangu alama za juu.

Unalikumbuka lile taulo la kijani? Marehemu wifi yako alipolala kitandani akiugua alisema hataki kuona nyuso za msiba na yeye bado yupo. Basi nikawa nasimama mlangoni na taulo. Chiriku akitoka shule nasema, "Uso!" Anainua kidevu, nampangusa machozi, namkagua, ndipo anaingia na porojo zake kumchekesha mama yake. Miezi minane. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Akifuzu nilimnong'oneza, "Kumi kwa kumi." Hata siku ya mazishi nilisema "Uso!" na akanitii. Watu wakasema mtoto huyu jasiri, nami nikavimba kichwa. Taulo nililitundika, lakini sikumbuki kama niliwahi kumwambia kwamba kazi imekwisha.

Daktari aliniita wiki iliyofuata. "Baba, umemjaza vibaya kuliko hata alivyomjaza mlinzi kwenye fomu yake. Una hakika?" Hapo ndipo aliponieleza kwamba alama za juu ni za ubaridi wa moyo. Nikamsimulia habari ya taulo. Akaweka kalamu chini.

"Karatasi hii haiendi mahakamani wala kwa mkuu wa shule," akasema. "Ni ya utafiti tu. Lakini jaza upya. Usibadilishe ili unifurahishe, wala ili umsafishe mtoto. Andika ulichokiona kwa macho yako." Akanipa na fomu ya pili, kwa ndugu mwingine aliyewahi kuishi na Chiriku.

Alhamisi nikaitwa hospitali kwenye picha. Walimvua Chiriku hereni na mkanda, chochote cha chuma. Alichungulia mlangoni akasema, "Baba, hilo dude si kama pipa la kufulia?" Nikacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Fundi wa mashine akamwonya asitikisike. Nikawaza, huyu hahitaji kufundishwa kutulia. Alipofika kizingitini akageuka, akasimama mbele yangu, akainua kidevu.

"Uso?" akaniuliza.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe begani, palipokuwa pakikaa taulo. Hapakuwa na kitu. Nikamwambia, "Nenda hivyo hivyo, mama." Akashusha kidevu, akaingia. Mashine ikaanza kugonga kama karakana ya seremala, nami nikazunguka ile korido hadi mfagiaji akaniuliza kama nimepoteza ufunguo.

Tulipokuwa tunangoja gari la shule yao nilimwuliza kama humfikiria binti wa fundi saa. Akasema, "Wameshamtoa bandeji?" Basi. Mpaka leo sijui lilikuwa swali la huruma au swali tu. Na mimi sikujua kama wameshamtoa, Dada. Nikaona aibu. Miezi mitano namlilia mwanangu moyoni, mlango wa wale watu sijawahi kuubisha.

Jana nikaenda. Mama wa yule binti alifungua nusu. Hakunikaribisha, na simlaumu. Nikampa pole yangu, nikamwambia swali la Chiriku. 

"Mwambie imetoka," akasema. "Mwambie na hili: mwanangu hakai tena karibu na dirisha, watu wasimwone upande ule." Akafunga.

Jumamosi ni siku ya kutembelea. Nitamfikishia Chiriku maneno hayo kama nilivyopewa, sitapunguza. Kisha nitakaa nimtazame. Sitasema "Uso". Chochote kitakachokuja juu ya uso ule, au kisipokuja kitu, nitakiona.

Nimekunjia ile fomu ya pili humu ndani, Dada. Baada ya mazishi ulikaa nasi wiki tatu, ukilala naye chumba kimoja. Kama uliwahi kumsikia akilia, andika. Kama hukumsikia, andika kwamba hukumsikia. Usinionee huruma. Daktari anaitaka kabla mwezi haujaisha, kwa hiyo itume mara tu ukimaliza. Mimi yangu nimeshaijaza upya, na safari hii ilinichukua siku nne. Mstari mmoja tu nimeuacha: "Hujuta anapomkosea mtu." Nimeupelekea kalamu mara nyingi na kuirudisha. Nimeuacha mtupu hadi Jumamosi.

Nisalimie shemeji, umwambie mwavuli wake naufahamu. Nisalimie wapwa zangu wote wawili, na yule mdogo umshike shavu kwa niaba yangu. Mshona mapazia wa jirani, uliyekuwa ukigombana naye kwa kelele za redio, anasema amekukumbuka. Mungu akupe goti jepesi, na akuwekee wanao karibu nawe.

Na unapowaombea wako, Dada, utukumbuke na sisi wawili.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sindano