Kwa Tundu la Pua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakubusu mikono yote miwili huku nikikuuliza: presha ikoje? Chumvi umeiacha, au unaila ukishafunga mlango? Mimi na kaka Khamis huku India tu salama. Ulisema hutaki habari za simu, maana kwenye simu kila mgonjwa hajambo. Basi nakuandikia.

Operesheni imekwisha, leo wiki ya pili. Uso wangu ni ule ule ulioubusu uwanja wa ndege, hauna mshono hata mmoja. Uvimbe uliokuwa nyuma ya jicho la kulia, ukilisukuma nje, wameutoa kwa tundu la pua. Na si saratani, alhamdulillahi. Daktari alipoeleza kwamba ataingiza kibomba chembamba chenye kamera, afanye kazi akitazama kwenye skrini, nilimgeukia Khamis.

"Kwa pua hii hii yangu?"

"Nyamaza weye," akasema. "Mie nshamuamini." Lakini alimwomba daktari aeleze tena tangu mwanzo.

Kuna jambo nilikuficha, unisamehe. Nilikwambia ni kazi ndogo. Kumbe uvimbe ule ulikuwa umegusana na mshipa wa kuonea, na daktari alisema wazi: huenda jicho likabaki, lakini lisione. Nilitia saini nikilia. Niliwaza kofia zetu za kushona tu, mama. Nani atazungushia uzi vile vitobo vidogo, na macho yako yameshachoka?

Siku za kwanza pua ilizibwa, chakula hakina harufu wala ladha. Nikawa nalala nikivuta kumbukumbu: karafuu zilizoanikwa kwa shangazi kule Kizimbani, udi unaofukizia nguo zetu kila Alhamisi, na sisi wawili ngazini kwetu Michenzani tukipunga upepo, wewe unachora maua ya kofia, mimi nashona, mpaka adhana ya alasiri. Hamu ya nyumbani imenishika.

Nisalimie shangazi. Na Bi Mwanaidi, jirani wa chini anayekuletea dawa, mwambie Mungu atamlipa.

Sasa jicho. Najua umeruka mistari ukilitafuta. Mwanzo liliona ukungu mtupu, nikakata tamaa. Leo asubuhi nimemwambia Khamis anifunge la kushoto kwa kitambaa, anipe kalamu. Barua hii yote, mama, tangu shikamoo, nimeiandika kwa jicho la kulia.

Mwanao,
Salma