Kamba ya Wavu Haipimi Ardhi

Musa mdogo wangu, hizo tofali usizipakie. Kama gari limeshafika hapo Kidahwe, mwambie dereva arudi, na kama zimeshapanda, zishusheni. Haya, sasa nikusalimie, maana mjukuu wangu Hasna anayeniandikia ananiangalia kama mtu asiye na adabu. Assalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Wifi yangu mgongo umeachia? Na watoto? Mimi mzima, magoti tu, na hofu. Magoti nimeyazoea. Hofu ndiyo inanimaliza.

Unakumbuka baada ya Idi tulivyobadilishana, wewe uchukue kiwanja changu hiki cha ufukweni ujenge, mimi nichukue shamba lako. Wazee wakapima kama wanavyopima siku zote hapa Ujiji, kwa kamba ya wavu. Wakaizungusha huku kwangu, ikafika. Wakaibeba mpaka Kidahwe, wakaizungusha shamba lako, ikafika vilevile. Mzee Ramadhani akasema kamba haina upendeleo, sawa kwa sawa. Tukasoma fatiha, tukala wali na samaki, mgebuka. Mgebuka ule mpishi aliutia chumvi kama wa kusafirishwa, lakini tuyaache hayo.

Sasa ziwa limepanda, Musa. Lile jiwe tulilokuwa tunaoshea vyombo silioni tena. Nikaogopa, juzi nikamwita Hasna, si ndiye mwalimu wa hesabu huko Mwanga, nikamwambia nipimie tena kwa kamba ile ile. Akaishika, akaiweka chini, akasema, "Bibi, kamba inajua ukingo tu, ndani haijui."

Nikamcheka. Nikamwambia babu yake alinunua viwanja kwa kamba hiyo mama yake hajaachishwa ziwa. Hakubishana. Akachukua kipande cha kamba, akafunga ncha zake, akakilaza chini mviringo, akanimwagia dagaa zangu mle ndani mpaka wakajaa. Halafu akaivuta kamba ile ile ikawa ndefu nyembamba kama nyoka. Dagaa karibu wote wakabaki nje. Mwanne jirani akasema mtoto huyu anatia mchanga kitoweo cha watu. Mimi sikucheka tena. Ukingo wetu wa majini si unaujua, unaingia unatoka kama pindo la gauni la marinda. Kamba ya wazee iliishia humo kwenye marinda, mdogo wangu. Urefu tulikupa. Ardhi hatukukupa.

Nikamuuliza, sasa kitu kilichopinda hivi kinapimwaje? Akavuta kamba moja iliyonyooka, kutoka ukuta wa msikiti mpaka kwenye mchikichi. Kila baada ya hatua anapima kutoka kwenye kamba mpaka kwenye maji, anachomeka kijiti. Kiwanja chote akakikata vipande virefu, kimoja kimoja, ajumlishe. Nikamwambia lakini mwisho wa kipande umenyooka na maji yamepinda, pale pembeni unadanganya. Akafurahi huyo, akasema ndiyo, ndiyo maana unavipunguza upana. Vikiwa kama mbao, uongo mwingi. Vikiwa kama chane za ukindu, uongo mdogo. Vikiwa vyembamba hata jicho halivioni, uongo umekwisha. Jina lake intigresheni. Nimesuka mikeka maisha yangu yote, hilo nikalielewa: mkeka wa duara nao ni chane zilizonyooka, wembamba tu ndio unaozipindisha.

Akajumlisha. Musa, kiwanja changu kinaingia mara mbili ndani ya shamba lako na nafasi ya kuanika mihogo inabaki. Leo asubuhi akarudia, kwenye kamba ile ile. Kila chane imekuwa fupi kuliko juzi. Hakuna hata moja iliyobaki vile vile. Akaziandika moja moja.

Kwa hiyo shamba lako ni lako. Nitawaambia wazee mwenyewe, wakikasirika wakasirike. Wewe usilete mke na watoto kulala juu ya maji.

Lipo na hili, nalo nalisema mara moja. Nilikwambia nimeshahama, nalala kwa Mwanne huku juu. Si kweli. Mchana nakaa kwake, jioni narudi nyumbani kwangu. Mwanne anajua, nimemwapisha. Ile chane ya katikati, ile fupi kuliko zote, kijiti chake kimesimama nje ya dirisha langu, na usiku nasikia maji yanakigongagonga. Nalala nimevaa viatu. Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu naogopa maji, lakini kuwa mgeni uzeeni naogopa zaidi. Hasna hapa kalamu imesimama, naye hakulijua. Andika, mama. Andika kama nilivyosema.

Musa, ukinitengea kachumba hapo shambani, si kwa kubadilishana, nipe tu kama dada, nitakuja. Msalimie wifi, uwasalimie na wale majirani wa kisima, mwambie yule mzee wa mbuzi kwamba...

Ngoja. Mwanne ananiita kutoka huko chini nyumbani kwangu.

"Dada Lulu, njoo tushike godoro, linalowa."

Hasna, acha hapo hapo, mama. Mpe mtu wa gari barua aondoke nayo. Nakwenda.