Themostati Uliyoing'oa kwenye Gari la Kaka Yako

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, baada ya ibada,
14 Juni.

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu zetu za moyo. U hali gani huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimekuachia? Na mkono ulioungua, unaukunja sasa bila maumivu? Sisi huku tunaamka na tunalala salama, tunamshukuru Mungu. Pacha wangu wamenizidi kimo wote wawili, siku hizi wananitazama kutoka juu kama vile wao ndio walionizaa mimi.

Habari zako nimezipata kwa jirani yetu, yule dereva wa lori la saruji mwenye pengo. Aliharibikiwa breki safarini, akaingia gereji, na aliyetoka chini ya gari na grisi mpaka masikioni akawa ni wewe. Anasema ulimsalimia vizuri, ila alipotaja nyumbani ukarudi chini ya gari. Sikukasirika, shemeji. Nililia kidogo, kisha nikashukuru kwamba u hai. Namba yako ya zamani haipatikani, ndiyo maana nimempa yeye barua hii akuletee mkononi.

Nataka kukueleza habari za gari kwanza, halafu za Mama. Usiiweke chini barua kabla hujafika kwa Mama.

Gari la kaka yako bado lipo. Nilijifunza kuliendesha kwa shida, nikagonga ukuta wa kanisa mara moja, mchungaji akanisamehe. Ndilo linalompeleka Mama kliniki, na ndilo linalobeba sare ninazoshona. Lakini tangu siku ile baada ya mazishi yake, ulipoing'oa themostati uliyoifunga wewe mwenyewe, kile kidude cha kuongoza maji ya injini, ukaitupa jalalani na kusema, "Halitachemka tena," sikumruhusu fundi yeyote aguse pale. Lilikuwa neno lako la mwisho hapa nyumbani, nikalishika.

Na kweli halikuchemka. Ila lilikuwa kama mtu mwenye homa ya baridi. Mshale wa joto ulilala chini asubuhi na jioni, haukupanda hata nikizunguka mji mzima. Linawaka kwa taabu, dizeli linakunywa kama ngamia, na moshi mweupe unajaza uchochoro. Jirani yangu muuza mkaa akawa ananipigia kelele dirishani, "Mama Pacha, zima! Mbu wa mtaa huu umeshawamaliza, sasa umetugeukia sisi!"

Nilivumilia, nikijua shemeji yangu ni fundi, hakufanya kitu bure.

Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka Mama hospitali kuu, ile barabara yenye mlima unayoijua. Tulipofika katikati ya mlima nikaona mshale unapanda. Shemeji, ilikuwa palepale, karibu na mahali pale lilipochemka siku ile tukimkimbiza kaka yako hospitali. Nilizima gari, nikamshika Mama mkono, tukaomba. Yeye akasema tu, "Lingoje lipoe, mwanangu. Sina haraka."

Ndipo nikamwita fundi wa karibu na soko, yule anayeitwa Tarumbeta kwa sababu hajui kunong'ona. Nikamwambia themostati imetolewa, basi iweje lichemke? Akacheka mtaa mzima ukasikia. Akasema mafundi wote tunaowajua huzing'oa, hata yeye amezing'oa nyingi, maana mteja akishaona maji yanachemka hataki maelezo, anataka kitu kitoke. Lakini kwa injini hii, alisema, ukiitoa themostati unaacha njia ya mkato wazi. Maji mengi yanazungukia humohumo kwenye injini badala ya kwenda kupozwa kwenye rejeta. Mjini, kwa mwendo mdogo, injini inabaki baridi na kujila yenyewe. Ikipandishwa mlima na mzigo, inachemka. Wewe ni fundi, utajua kama amesema kweli. Mimi nakuandikia nilivyoelewa.

Alileta themostati mpya, na kabla ya kuifunga akataka tuione ikifanya kazi. Tukaitia kwenye sufuria ya maji jikoni kwangu. Mama alivuta kigoda akakaa karibu kabisa, maana jicho moja halimsaidii tena. Shangazi yenu naye alikuwepo, amekuja kumjulia Mama hali.

"Usitie chumvi, mama," Tarumbeta akamwambia Mama. "Hiki hakiivi."

"Na wewe usipige kelele," Mama akamjibu, "utakitisha kisifunguke."

Maji yalipokaribia kuchemka, kile kidude kikafunguka taratibu, kama mdomo wa mtoto anayelishwa. Kilipotolewa kikapoa, kikajifunga. Mama akauliza, "Na ile aliyoiweka mwanangu ilikuwa hivihivi?" Tarumbeta akasema ile hajaiona, imekwishatupwa, hawezi kuisemea. Nikampenda kwa jibu hilo.

Kisha akafungua rejeta. Shemeji, ningetamani ungekuwepo. Vile vijibomba vya ndani karibu vyote vilikuwa vimeziba kwa ukoko mweupe, mgumu, kama ule wa ndani ya birika la zamani. Alisema ukoko wa namna ile haujengeki kwa mwaka mmoja wala miwili, ni maji ya kisima ya miaka mingi. Nawe unajua nani alikuwa anajaza maji ya kisima. Ulimwambia mara ngapi kaka yako rejeta izibuliwe, naye anakujibu gari ni lake na kisima ni chake? Mungu amrehemu mume wangu, alikuwa mtu mwema na mbishi.

Shangazi alisimama pale akatazama kile chuma. Unakumbuka alichokisema msibani mbele ya watu, kwamba fundi wa nyumbani amemuua wa nyumbani. Siku hiyo ya rejeta alichukua kanga yake akaenda zake. Jioni akarudi na kuku, akaniambia, "Ukimwandikia yule mtoto, mwambie namsalimu." Hajazoea kuomba radhi, shemeji. Kwa Shangazi, ile ndiyo radhi.

Sitakudanganya kwamba muda tuliopoteza mlimani haukuwa kitu. Daktari alisema ni moyo, na kama tungewahi hajui ingekuwaje. Mimi pia sijui. Hilo nimelikabidhi kwa Mungu, na nakuomba nawe umkabidhi.

Lakini kuna jambo moja hukulisikia, kwa sababu ulikuwa mbele ya gari unahangaika na boneti. Nilikuwa kiti cha nyuma, kichwa cha kaka yako mapajani kwangu. Alikuona kupitia kioo ukishika kitambaa, akanishika mkono akasema, "Mwambie asifungue mfuniko, ataungua." Nikapaza sauti, lakini ulikuwa umeshaufungua ule wa rejeta, mvuke ukakuunguza mkono. Baada ya hapo hakusema tena neno lolote linaloeleweka. Mawazo yake ya mwisho duniani yalikuwa juu yako, shemeji, kwamba usiumie. Nilitaka kukuambia siku ya arobaini, ukawa umeshaondoka.

Sasa Mama. Jicho la kulia limekwisha, na la kushoto madaktari wanasema linaweza kuokolewa wakimpasua mapema. Wakichelewa, litakwenda kama mwenzake. Kila kitu kiko tayari, pacha wameshagombana nani atalala naye wodini. Mama amekataa. Anasema, "Sifungwi kitambaa machoni kabla sijajua mwanangu yuko wapi na ana hali gani." Nimembembeleza, mchungaji amembembeleza, Shangazi amemfokea. Wapi. Unamjua mama yako, kaka yako ubishi hakuuokota njiani.

Nilipomwambia Mama kwamba dereva amekuona, aliniuliza umekonda au umenenepa. Hilo mjibu wewe.

Sikuiti kwa nguvu. Ukiweza kuja, chumba chako nimekipaka chokaa na kitanda kipo. Kama moyo bado hauwezi, andika tu kwa mkono wako, nimsomee. Hata mistari miwili, shemeji. Anataka kukusikia wewe, si mtu mwingine akikusemea.

Pacha wanakusalimu. Shangazi kama nilivyokwisha sema. Tarumbeta anasema fundi kwa fundi, na muuza mkaa anakushukuru kwa niaba ya mapafu yake, maana siku hizi gari halifuki na mshale unasimama katikati. Mama ametia kidole chake hapo pembeni, ile alama ya wino ni yake.

Mungu akulinde chini ya magari ya watu, akuondolee mzigo usio wako, akurudishe kwetu kwa njia atakayoipenda yeye.

Ni mimi nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,
Shemeji yako,
Mama Pacha.

Dereva atakaa huko Jumanne na Jumatano, kisha anarudi. Tafadhali mpe jibu aje nalo.