Shikamoo Niliyompa Mama Kusum

Jumatatu, 8 Julai 2002. Melini

Asubuhi nimepokea simu tatu za wafanyakazi kabla sijavaa viatu. Rota, ratiba ya zamu za wiki, nimemwachia binti yangu Neema. Mpaka mlangoni bado natoa maagizo. "Mum, just go," akaniambia. Nikaenda.

Likizo ya kwanza tangu nifungue kampuni. Miaka kumi na moja ya kuosha wazee wa watu huku ughaibuni, kwanza kwa mikono yangu, sasa kwa mikono ya niliowaajiri. Hii ni ziara ya basi ya Skandinavia. Nataka kitu kimoja tu: kupanda boti kwenye fiodi, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya milima. Mzee mmoja niliyemtunza Croydon alikuwa na kalenda yenye picha ya fiodi. Hakugeuza ule mwezi mpaka alipokufa. Niliutazama kila nilipombadilishia shuka.

Safari nilionyeshwa na Dilip, mhasibu wangu. Msafara wa Wahindi wa Afrika Mashariki, wengi wa mitaa ya Stanmore na Neasden. Wana mpishi wao kabisa, masufuria yako kwenye buti la basi. "Utapumzika, Mama Neema. Na mama yangu atakuwepo, mtapiga soga kwa Kiswahili." Nikaona ni wema.

Basini nimewekwa kando ya huyo mama yake, Mama Kusum. Amepita themanini. Sari ya kijivu, soksi za sufu. Nikamwamkia kama nilivyolelewa: shikamoo. Akaitika marahaba, akanishika mkono. Hakuuachia mpaka bandarini Harwich.

Jumanne, 9 Julai. Denmark

Nimechezewa.

Colin, kiongozi wa msafara, kanikabidhi mfuko wa dawa za Mama Kusum na ufunguo wa chumba kimoja, vitanda viwili. Dilip alimwambia mimi ni nesi wa mama. Nesi! Mama ana ugonjwa wa kusahau, na Dilip hakunigusia hata neno.

Nimempigia. "Lakini Mama Neema, wewe mtaalamu. Kwako hii kazi ndogo."

"Hata kazi ndogo mtu huombwa."

Simu ikakatika. Kama ni mtandao au ni yeye, sijui.

Nauli nimelipa kamili kama abiria. Sasa niko zamu. Kikombe cha chai hapa ni bei ya kuku mzima kwetu Thornton Heath, na nimenunua viwili, cha kwanza Mama kakimwaga.

Ningeweza kumrudishia Colin mfuko wake. Lakini nishampa mama wa watu shikamoo. Huwezi kumpa mtu shikamoo asubuhi, halafu jioni umwache anazunguka akitafuta choo.

Jumatano, 10 Julai. Norwei

Sijalala. Jua la huku halitaki kuzama. Mama anasema bado mchana, anavaa viatu, anachukua begi. "Treni iko saa ngapi?" Treni ya Tabora. Kazaliwa Shinyanga, baba yake alikuwa na duka karibu na stesheni. Kiswahili chake ni kile cha kaunta: "Lete chai! Pesi pesi! Wewe vivu sana!"

Ananiita Zena. Nikamuuliza Zena ni nani.

"Yaya."

Basi. Nimevuka bahari, nimefungua kampuni, nimeajiri watu, nimerudi kuwa yaya wa Shinyanga.

Mezani kuna Bwana Jayanti, mzee wa Nairobi, mdomo haupumziki. "Mama Neema, sisi tumeacha maduka nyumbani. Wewe peke yako umesafiri na kazi yako!" Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Sikupenda.

Kesho ndiyo boti. Nimemwambia Colin kesho mimi simo, akae yeye na Mama basini. Kakubali upesi mno.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepanda boti.

Maji si meusi kama ya kalenda. Ni ya kijani. Maporomoko yanateremka kutoka juu kabisa, membamba, meupe, hayana haraka na mtu. Baridi ya kuuma meno. Nilisimama mbele peke yangu, nikalia kidogo, nikapangusa. Mama Kusum sikumfikiria hata mara moja. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kurudi, Colin kasimama mlangoni mwa basi, rangi imemtoka. Alishuka kuvuta sigara na kupiga simu hotelini. Aliporudi kiti kitupu. Mama hayupo, begi halipo.

Basi zima likanigeukia mimi. Si Colin. Mimi.

"Nesi gani anakwenda kutembea?" mwanamke wa viti vya nyuma.

"Ulikuwa wapi, mama?" Jayanti.

"Likizo," nikamwambia. "Kama wewe."

Dereva anatazama saa, kivuko cha jioni hakisubiri. Colin anataka polisi. Wengine wakakimbilia gatini, wakawa wanachungulia chini. Asubuhi Colin alitutajia kwa kipaza sauti kina cha yale maji, na mimi namba huwa hazinitoki. Ile ilikaa kichwani ikigonga.

Nikajilazimisha kufikiri kama niko kazini. Aliyechukua begi hakwenda majini. Mwenye begi ni msafiri. Anataka treni ya Tabora. Hapa treni hakuna, lakini nyuma ya duka la samaki niliona kituo cha mabasi, kina benchi, kina watu wenye mizigo.

Nilikimbia. Na magoti haya.

Alikuwa hapo, katikati ya wasichana wawili wa Kinorwei wenye mashanta, begi mapajani. Alionekana mdogo kabisa. Aliponiona akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Zena. Nimepotea. Treni haikuja."

Hakikuwa kile Kiswahili cha kaunta. Kilikuwa safi, cha mtoto wa Shinyanga aliyefundishwa adabu na mtu. Yaya yule alikuwa akiamkiwa. Na mimi jana nzima nimelibeba jina lake kama tusi.

Nikashindwa kuitika. Mtu mkubwa kuliko mama yangu ananipa shikamoo, ulimi unakataa. Naye anasubiri. Mtoto asiyeitikiwa anajua bado hajapatikana.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona."

Akanipa mkono.

Kivuko tumekiwahi.

Jumamosi, 13 Julai

Mvua. Colin hanitazami usoni. Dawa za Mama bado natoa mimi, nani mwingine? Jayanti kaniletea chapati mbili na achari kutoka kwa mpishi. Hana mzaha leo. "Kula, dada." Nimekula zote.

Mama leo hanijui kabisa. Sina jina.

Jumatatu, 15 Julai. Nyumbani

Dilip alikuwa anasubiri pale basi linaposhushia, na maua.

"Mama yako alipotea, Dilip. Ungeniambia, ningekataa. Ndiyo maana hukuniambia."

Akatazama maua yake. Akasema, kwa Kiswahili, ambacho huwa anakificha mbele ya wateja, "Mwaka wa pili huu silali, Mama Neema."

Namwelewa. Simsamehe.

"Mtafutie mama nesi," nikamwambia. "Mimi natafuta mhasibu."

Mama alikuwa ndani ya gari tayari, mkanda umefungwa, anatazama mbele. Nikaburuta begi langu nikaondoka. Sikumuaga. Hasira niliyokuwa nayo kwa mwanawe nikaimalizia kwa mama.

Jumapili, 21 Julai

Kanisani, halafu sokoni. Picha zimetoka. Ya fiodi ni moja tu, na ina kidole changu pembeni. Nimeibandika jikoni hivyo hivyo.

Mchana nimepika, sikuonja. Nikapiga simu Stanmore, kwa Mama Kusum. Akapokea Dilip.

"Nipe mama yako."

Nikasikia slipa zake zikienda, mlango, redio ikipunguzwa sauti.

"Shikamoo, Mama."

Pumzi tu. Nikangoja. Nimejifunza kungoja.

"Marahaba," akasema. Halafu, "Treni imefika?"

"Imefika, Mama. Umeshapanda."

"Haya."

Akakata yeye.

Nimepiga pasi sare za kesho. Saa mbili usiku, nje bado kweupe.