Sanduku la Picha Nililokuletea Masaki

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia marahaba mpaka nikueleze kwanza ninataka nini. Ndivyo ulivyokuwa. Mtu akikuamkia kwa sauti tamu kupita kiasi, ulimtazama miguuni, kama vile viatu vyake vingekuambia ametumwa na nani. Leo sitaki kitu. Nataka kuzungumza nawe tu, na ninaandika barua hii wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu wewe mwenyewe hukupenda mambo ya kunong'onezana.

Nakukumbuka zaidi kwa mashaka yako. Nguzo za umeme zilipofika Masaki yetu, hii ya mikorosho na si ile ya mjini, majirani walivuta waya, wewe ukasema hutaki nyumbani mwako kitu kinachokula hata ukiwa umelala. Walipokuja watu wa macho wakagawa miwani, ulirudisha ya kwako palepale. Ulisema cha bure kina mwenyewe. Mimi uliniita mume wangu, na Neema, mke wangu, mwalimu wa kutoka Singida, ukamwita mke mwenzako. Utani huo ulikufurahisha sana, lakini chai aliyokupikia hukuigusa mpaka uone amekunywa yeye kwanza. Neema alikuwa anakunywa funda kubwa, anakusogezea kikombe.

Harusi yetu ilifungwa Kibaha, na goti lako likakuzuia kuja. Wiki iliyofuata nilikuletea video kwenye simu. Uliisogeza mbali, ukaileta karibu, ukaigeuza nyuma kuona kama kuna mtu. Kisha ukanirudishia. "Naona sisimizi wanacheza ngoma," ulisema.

Macho yako hayakuwa mabovu, Bibi. Ukikaa barazani ulimjua mtu akiwa bado kule mwisho wa mikorosho, kwa mwendo wake tu, na mara nyingi ulikuwa umeshaamua anakuja kuomba nini. Kilichokushinda kilikuwa cha karibu. Nikawaza njiani, wakati wa kurudi Pangani, ile ya Kibaha: kama cha karibu hakionekani, basi nimpelekee kikubwa, kikae mbali.

Mimi ni fundi wa simu na televisheni, vitu vibovu ndivyo ninavyoishi navyo. Nilikuwa na kompyuta mpakato iliyokufa lakini kioo chake kizima. Nilikifungua, nikatoa taa zake za nyuma ili mwanga uweze kupenya katikati yake kama unavyopenya kwenye kitambaa chepesi. Nyuma yake nikaweka taa kali, ile ya kuangazia uani, na mbele nikaweka lenzi; picha zenyewe zilitoka kwenye bodi ya televisheni kuukuu inayosoma memori kadi. Taa ilipata moto vibaya, nikaongeza feni. Vyote hivyo vilihitaji nyumba, maana mwanga ukivuja pembeni picha inafifia. Nikatengeneza sanduku la mbao, mabaki ya mninga niliyoomba kwa seremala jirani, nikapaka rangi nyeusi kwa ndani, nikalitia mfuniko wenye bawaba. Neema ndiye aliyeziba nyufa kwa vitambaa na gundi. Siku tuliyoliwasha mara ya kwanza, sebuleni kwetu, tulijiona ukutani tukiwa vichwa chini miguu juu, mchungaji naye ananing'inia kama popo. Neema alicheka mpaka akakaa sakafuni. Niligeuza kioo, tukasimama vizuri.

Sikumwambia mtu isipokuwa baba mdogo Elia, mwanao wa pili, yule wa Janga, na yeye alijua kwa bahati tu. Alipita dukani kuchukua simu yake akaliona sanduku. Alilizunguka, akauliza kama kweli bibi ataona. Nilimwambia ataona kila kitu. Akasema safari hiyo atakuja na yeye, kwa sababu kaka yake wa Dodoma, yaani baba yangu, ana salamu zake za video kwa mama. Nikamwambia anitumie kwenye simu niziweke pamoja na harusi. Akasema hapana, atazileta mwenyewe kwenye memori kadi, siku hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku, Bibi. Kitu kinachoweza kutumwa kwa kidole kwa nini kibebwe mfukoni? Lakini alikuwa baba yangu mdogo, na salamu zilikuwa za baba yangu mzazi. Nikajiambia nimeshaanza kuwa kama wewe.

Nadhani unaikumbuka siku yenyewe. Neema na baba mdogo Elia walitangulia; mimi nilipanda bodaboda, dereva akalifunga sanduku nyuma, na njia nzima aliniuliza kwa mafumbo kama nina msiba. Tulipopita watu walivua kofia. Wewe ulikuwa barazani, umeshaliona toka mbali, na kabla sijashuka ukauliza, "Hicho kisanduku kimebeba nani?" Nilikufungulia mfuniko uangalie. Uliingiza mkono, ukapapasa kona zote, ukanusa vidole vyako.

Nilitaka tungoje jua lizame. Ulikataa. Ulisema jambo linalosubiri giza halikuhusu. Basi tukaziba dirisha la chumba chako kwa blanketi na khanga mchana kweupe, nikaunga waya kwenye betri ya gari niliyoazima pale kijijini, nikawasha. Ukuta wako wa chokaa ukajaa watu. Nilidhani utashtuka. Ulikaa wima kwenye kitanda, mikono juu ya fimbo, ukaanza kukagua wageni. Ulimwona shangazi mmoja amerudi kwenye chakula. Ulimwona mtu mwenye suti ya kijivu ukauliza ni wa upande gani, Neema akasema si wa kwao, na mimi nikasema si wa kwetu, na mpaka leo hatumjui. Ulifurahi kweli. Ulipomwona Neema amepiga goti mbele ya kiti kitupu tulichokuwekea, ulimvuta mkono ukamkalisha karibu yako. Jioni ile ulikunywa chai yake bila kungoja. Hilo sitalisahau.

Harusi ilipokwisha, baba mdogo Elia akatoa kadi yake. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

Baba alitokea ukutani, mkubwa kuliko alivyo. Alikusalimia, akaomba radhi kwa kutokuja. Alisema yuko kwake Dodoma, mguu unamsumbua, daktari amemkataza safari ndefu. Kisha akaingia kwenye habari za shamba lako. Alisema mikorosho imezeeka, na yeye kama mtoto wa kwanza amekubaliana na mdogo wake kwamba upande wa barabarani upewe mtu anayetaka kukata viwanja, na kwamba Elia atakuja na karatasi, wewe uweke dole gumba, basi. Alizungumza taratibu, macho yanakwenda kulia na kurudi, kulia na kurudi, kama mtu anayesoma somo kanisani.

Nilikutazama. Hukuwa unamtazama baba. Ulikuwa unatazama juu ya bega lake.

"Rudisha," uliniambia. Nikarudisha. "Simamisha hapo." Nikasimamisha. Nyuma ya baba palikuwa na dirisha, na dirisha lilikuwa na nondo zilizokunjwa umbo la tausi, mkia umefunguka. Mimi ndiye niliyefunga televisheni kwenye chumba kile. Nilikaa siku nzima nikilitazama dirisha lile.

"Elia," ulisema, pole kabisa. "Dirisha lako limefika lini Dodoma?"

Baba mdogo alishika mfuko wa shati lake. Feni ya sanduku ilikuwa inaunguruma, na nilitamani inyamaze. Baadaye alisema kaka yake alipita tu, alikuwa na haraka, walirekodi pale kwa kuwa pana mwanga, hawakuwa na nia mbaya. Alisema mengi. Nilimsikiliza kwa nusu sikio, kwa sababu wewe ulikuwa umeinuka. Ulikwenda mpaka ukutani, goti lile, bila fimbo, ukasimama karibu mno hata kivuli chako kikafunika nusu ya uso wa baba. Ulipogundua, ukasogea pembeni ili umwone tena. Ukaweka kiganja kwenye chokaa, pale shavuni kwake.

"Kumbe alifika Janga," ulisema. Na baada ya muda, "Amekonda."

Nilikuwa nimejiandaa kukusikia ukiwalaani kwa ajili ya shamba. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Elia, tuliiona wote, na haikutoka tena. Lakini hukulitaja shamba hata kidogo. Mwanao alikuwa amefika wilaya ya jirani, akala, akalala, akasema uongo mbele ya simu, akarudi alikotoka bila kuja kukuamkia. Hicho ndicho kilichokukalia kifuani, na nilikiona, kwa sababu chumbani mle kila kitu kilikuwa kikubwa.

Nilimpigia baba kesho yake. Alikana kwanza. Nilipotaja tausi akasema mtandao mbovu. Sikumpigia tena.

Alikuja mwenyewe, siku za mavuno ya korosho, na begi la nguo na sukari. Mimi nilikuwa hapo kwako, nakutengenezea redio. Alikuamkia akiwa amesimama mbali, uani, na wewe ukaitikia, ukamwambia aingie ale. Ulimwekea ugali na kisamvu kilichoungwa nazi. Ulimwacha ale mpaka anawe mikono. Ndipo ukamuuliza, "Umetokea wapi?"

"Dodoma, mama."

"Safari hii nakuamini," ulisema, ukaondoa vyombo.

Baba alilia, Bibi. Wewe ulikuwa umeshaingia jikoni. Sijui kama ulisikia. Naamini ulisikia.

Umetuacha mwaka uliofuata, kabla ya mvua za vuli, usingizini, na shamba lako zima. Tulikuzika karibu na babu. Baba mdogo Elia alibeba jeneza upande wa mbele na sikuwa na neno naye, ingawa nilimtazama mifuko. Nimekuwa hivyo sasa. Mteja akiniletea simu akasema ni ya dada yake, namuuliza jina la dada. Neema ananiambia nimerithi kitu ambacho hakikugawanywa kwenye kikao cha ukoo. Ananicheka, lakini mtu akigonga mlango anamwangalia kwanza dirishani, na yeye ni wa Singida, si wa damu yako.

Ila kuna jambo moja ndilo lililonifanya nishike kalamu. Baba amestaafu. Amehamia Masaki, analala chumba chako, amevuta umeme. Na anapanda mikorosho mipya. Anaipanda upande uleule wa barabarani.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Anayetaka kuuza hapandi, nikajiambia, nikatulia. Kisha nikafikiri kama wewe ungefikiri: anayetaka kuuza kwa bei nzuri hupanda, ili fidia ihesabiwe mti kwa mti. Nikakosa usingizi. Ningekuwa na wewe ningekuuliza tu, na ungemtazama miguuni ukanipa jibu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nilimkuta shambani amevua shati, udongo mwekundu mpaka magotini, miche imepangwa kivulini. Amekonda kweli, uliona sawasawa. Nilimwamkia. Sikuzunguka. Nilimuuliza kama anapanda ili avune au anapanda ili auze.

Aliegemea jembe. Alinitazama, si kwa hasira.

"Unaniangalia kama mama alivyokuwa akiniangalia," alisema.

"Hujajibu, baba."

"Mama alinisamehe akiwa hajaacha kuniangalia hivyo." Alifuta jasho kwa mkono. "Na wewe niangalie. Sikukatazi. Lakini shika jembe, jua linapanda."

Hilo si jibu, Bibi. Nimeligeuza huku na huku tangu siku hiyo, na linaweza kuwa la mtu mkweli, na linaweza kuwa la mtu aliyejifunza kuficha vizuri zaidi. Nilikuwa karibu nimwambie hivyo. Lakini alikuwa ameshika mche kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kifaranga, na mgongo wake ulikuwa umepinda kama ulivyopinda wako.

Basi nilichukua jembe, nikachimba shimo lililofuata, na lingine, mpaka mchana. Nilichagua tu upande ambao ningemwona.

Lala salama, Bibi, na usipokee kitu kutoka kwa mtu huko mpaka akuambie kwanza kimetoka wapi.

Ni mimi,
mume wako mdogo, mjukuu wako wa Pangani