Kifaranga Ndani ya Kofia ya Jumapili

Baba Veronika,

Nimeshuka Mabogini kumtazama dada, anaumwa. ~~Nitalala huko.~~ Hapana, narudi jioni, sitapata usingizi nikimwaza kifaranga.

Yumo kwenye kikapu karibu na mafiga. Usimsogeze zaidi, ataungua. Mpe maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, tone tone, kwa ncha ya kidole. Akichafuka nyuma mfute kwa kitambaa chenye maji. Paka abaki nje!

Sasa tuseme ukweli. Asubuhi kuku alipomsukuma nje ya kiota, amepoa kabisa, ulisema mbele ya mtoto, "Huyo amekwisha, mtupe migombani." Veronika akaenda shule analia, hata uji hakunywa. Mimi pia uliniudhi, nikaondoka kwenda kukamua. Niliporudi nikakukuta umechuchumaa mekoni, kifaranga yumo ndani ya kofia yako ya Jumapili, unampulizia pumzi na kumbembeleza: "Kunywa, baba. Kidogo tu." Nilijificha nyuma ya mlango nikacheka mpaka maziwa yakamwagika. Ndiyo maana leo ni machache.

Alipofumbua macho, nawe ukayafuta yako. Moshi wa kuni, bila shaka.

Mkutano kwa balozi wa nyumba kumi ni saa tisa. Usiende na kifaranga mfukoni.

Veronika anadhani kifaranga amekufa. Akirudi mwoneshe kabla hajavua hata sare. Na akiuliza nani amemponya, tafadhali usimsingizie kuku.

Mkeo,
Mama Veronika